SOMO: MUNGU YUKO JUU YA MAMLAKA ZOTE, ZA DUNIANI NA ZA ANGANI

Kusoma: Wakolosayi 1:15-20, Danieli 4:28-37, Yoane 19:8-11



Kijana mmoja mchimba zahabu aliniuliza baada ya ibada: «Shemasi, mnasema Mungu ana nguvu zote. Lakini shimoni anayepata ni mwenye dawa, na barabarani anayeamuru ni mwenye bunduki. Mungu anatawala wapi?» Sikumjibu upesi. Hakuuliza kwa dharau, aliuliza kwa njaa.

Paulo anafundisha kwamba viti vya enzi na watawala, vinavyoonekana na visivyoonekana, viliumbwa kwa njia ya Kristo na kwa ajili yake. Pale Kolosayi walikuwako watu waliomkiri Kristo na kuabudu malaika vilevile. Nasi je? Asubuhi kanisani, usiku kwa mganga. Kilichoumbwa hakiwezi kukaa kiti kimoja na Muumba.

Kuhusu wakubwa wa dunia, sisi wa Bambu hatuna haja ya kwenda mpaka Babeli. Zahabu ya Ituri ilivumbuliwa mwaka wa 1903, wakati wa dola ya Mfalme Leopold. Mwaka wa 1908 dola hiyo ikaisha, Wabelgiji wakaingia. Mwaka wa 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, mwaka wa 1966 OKIMO, mwaka wa 2010 SOKIMO. Mobutu, aliyetawala miaka zaidi ya 30, alianguka mwaka wa 1997. Wote walisema: ni yangu. Nebukadneza naye alisema hivyo juu ya dari la jumba lake, na kabla hajamaliza neno, ufalme ukaondolewa kwake.

Lakini hapa tuwe waangalifu. Wengine wanahubiri kwamba kama Mungu yuko juu, mwamini hapatwi na kitu. Sivyo. Simon Kimbangu alianza kazi yake tarehe 6 Aprili 1921, akiponya wagonjwa na kuwaambia watu watupe sanamu za uganga. Hakushika silaha. Mwezi wa Septemba alijitoa mwenyewe mikononi mwa askari. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu kufa. Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Mlango haukufunguka kama ule wa Petro. Hata hivyo tarehe 24 Desemba 1959 serikali ileile ya Wabelgiji ililitambua kanisa lililotokana naye, na miezi sita baadaye serikali hiyo haikuwako tena Kongo. Pilato pia alidhani amri ilikuwa yake. Yesu, akiwa amefungwa, alimwambia ilikotoka.

Nami niungame. Mwanzoni mwa mwaka wa 2003, watu wa Bambu, Kobu na Lipri walipokimbilia porini, nilikuwa kijana, na nilivaa kiunoni kamba ya dawa niliyopewa ili risasi zisinipate. Aliyenipa alivaa ya kwake. Yeye hakurudi. Mimi nilirudi, na kwa miaka mingi sikujua nimshukuru nani, Mungu au kamba. Hilo ndilo deni la dawa: linakuibia shukrani. Niliichoma mbele ya wazee, mkono ukitetemeka, nikingoja jambo baya. Usiku ulipita, kukacha.

Kwa hiyo nilimwambia kijana yule: mwenye bunduki anaamuru kwa siku zilizohesabiwa, na mwenye dawa anakuuzia woga wako mwenyewe. Aliniuliza kama naweza kwenda naye kwa mama yake, maana kuna kitu kimefukiwa mlangoni nao wanaogopa kukifukua. Tutakwenda siku ya Ine, saa tisa, baada ya kufunga. Wenye kutaka kuomba pamoja nasi wasome Waefeso 1:19-23, na waje na jembe.