Leseni za Hifadhidata: Tujue Masharti Kabla ya Kupakua



Ndugu na dada zangu, tunapopakua hifadhidata kwa ajili ya mradi wa mwisho, husema, "Hii ni ya bure." Lakini kutolipa si sawa na kutokuwa na masharti. Mwenye programu ametoa ruhusa kwa sharti, ukiichukua, umelikubali. Na aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Basi tuzilinganishe leseni.

1. SQLite. Waandishi wake wameiachia umma. Haina sharti.

2. PostgreSQL. Unaweza kuitumia, kuibadili na kuiuza bila kutoa msimbo. Sharti ni moja: tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki katika kila nakala.

3. MySQL na MariaDB. Hizi ziko chini ya GPL toleo la 2. Ukiibadili na kumpa mtu nakala, umpe pia msimbo wake chini ya GPL ileile. Ukiitumia kwenye seva yako tu bila kugawa nakala, sharti hilo halikuhusu. MariaDB yenyewe ilizaliwa kutoka MySQL mwaka 2009 kwa ruhusa hiyohiyo ya GPL.

4. MongoDB. Oktoba 2018 iliacha AGPL ikachukua SSPL: anayeiuza kama huduma ya mtandaoni lazima atoe msimbo wa mfumo wote unaoendesha huduma hiyo. Shirika la OSI haliihesabu SSPL kuwa leseni huria.

Mfano wa nchini kwetu ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Rwinkwavu mwaka 2006. Huhifadhi data katika MySQL, na leseni yake leo ni MPL 2.0: faili ulizobadili zibaki wazi, faili zako mpya zaweza kuwa na leseni nyingine.

Sasa tuseme umechukua programu ya GPL, ukaibadili, ukamuuzia mwenye duka Kamembe na kumficha msimbo. Kuuza si kosa, GPL inaruhusu. Kosa ni kumnyima haki yake. Mwakani umehamia Kigali, mfumo umeharibika, na hakuna fundi anayeweza kuufungua. Hiyo ni amana imevunjwa.

Zoezi: Fungua faili iitwayo LICENSE katika mradi wako. Je, unamdai nini mteja, naye anakudai nini?

Wallahu a'lam.