Istilahi za Seli Shina na Vikuzaseli katika Kiswahili: Suala la Uwazi na Ridhaa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi chache za Kiswahili zinazohusu uoteshaji wa seli shina na protini zinazotumika katika kazi hiyo. Huenda msomaji akauliza mada ya namna hii inamhusu nini mwanaisimu aliyeko Mbeya. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, sayansi hii imekwisha kuingia katika hospitali zetu. Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Pili, Mbeya kuna kituo cha NIMR cha utafiti wa tiba, ambacho kimeshiriki katika majaribio ya chanjo ya VVU. Mshiriki wa jaribio lolote hana budi kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, jambo analoliridhia. Na lugha hiyo hapa kwetu aghalabu ni Kiswahili. Kwa hiyo istilahi mbovu si dosari ya kamusi peke yake. Yaweza kumfanya mtu aridhie jambo ambalo hakulielewa.

2.0 Dhana Zinazohusika

Seli shina ni seli yenye uwezo wa kujigawa na kuzaa seli nyingine kama yenyewe, au kugeuka kuwa seli yenye kazi maalumu kama vile ya damu, ya neva au ya msuli. Seli shina za kiinitete cha binadamu zilioteshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na kundi la James Thomson nchini Marekani. Mwaka 2006 Takahashi na Yamanaka wa Japani walionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya aliyekwisha kukomaa yaweza kurejeshwa katika hali ya ushina.

Seli hizo hazikui kwa sukari na chumvi tu. Zinahitaji protini zinazojishikiza kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli na kuipa amri: jigawe, bakia ulivyo, au geuka. Kwa ugunduzi wa protini za aina hii, Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Zamani protini hizo zilipatikana hasa kwa kutia seramu ya damu ya ndama katika kimiminika cha lishe. Seramu ina kasoro: viambato vyake havijulikani vyote, na hubadilika kutoka chupa moja hadi nyingine. Ndipo ikatumika mbinu iliyobuniwa mwaka 1973 na Herbert Boyer pamoja na Stanley N. Cohen (ambaye si yule wa Nobel), yaani kuunganisha kipande cha DNA cha kiumbe kimoja na DNA ya kingine. Jeni ya binadamu huingizwa katika bakteria, bakteria wakaitengeneza protini, kisha protini hiyo ikachujwa na kusafishwa. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa hivyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Mwaka 2011 kilitangazwa kimiminika cha lishe kiitwacho E8, chenye viambato vinane tu vinavyojulikana, miongoni mwavyo insulini na protini ya FGF2. FGF2 huharibika upesi katika joto la nyuzi 37, na ndiyo sababu mojawapo ya wanamaabara kubadilisha kimiminika hicho mara kwa mara.

Protini hizi haziishii maabarani. Kabla ya kukusanya seli shina za damu kwa ajili ya kupandikiza, aghalabu mgonjwa au mtoaji huchomwa sindano ya protini ya G-CSF, ili seli hizo zitoke katika uloto na kuingia katika mkondo wa damu.

3.0 Uchambuzi wa Istilahi

3.1 Seli shina. Hii ni tafsiri sisisi, lakini imebahatika. Katika Kiswahili shina ni sehemu ya mti inayobeba matawi, na pia ni chanzo cha jambo. Twasema shina la ugomvi. Mwanaisimu naye huita shina kile kinachopokea viambishi na kuzaa maneno mengine. Maana zote hizo zinaisaidia dhana. Selimundu nayo ilipita njia hiyo hiyo ya tafsiri, na leo imezoeleka.

3.2 Kuotesha. Tafsiri za mashine hutoa "utamaduni wa seli", jambo linalochekesha na kupotosha. Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini huotesha mbegu za kahawa kitaluni, na mwanamaabara naye huotesha vimelea. Neno lipo tayari, halihitaji kubuniwa.

3.3 Vikuzaseli. Wako waandishi wanaosema "sababu za ukuaji". Kosa hapa ni la kisemantiki. Neno la Kilatini factor lilimaanisha mtendaji, na sababu si mtendaji. "Homoni ya ukuaji" ni kitu kingine kabisa, na "kichocheo" kimekwisha kutwaliwa na wanakemia. Tunapendekeza kikuzaseli (vikuzaseli), kwa kufuata muundo wa kipazasauti na kipimajoto. Hata hivyo istilahi hii ina upungufu ambao hatuna budi kuukiri: baadhi ya protini hizi huzuia ukuaji, na nyingine huilinda seli isigeuke. Upungufu huo umo pia katika istilahi ya Kiingereza, kwa hiyo ni juu ya fasili kuurekebisha.

3.4 Jeni unganishi. Hapa ndipo penye hatari. Rasimu moja ya maelezo ya ridhaa iliyomfikia mwandishi wa makala haya ilitumia "protini ya jeni pandikizi". Kwa kuwa kupandikiza tayari kunahusishwa na uloto na figo, msomaji wa kawaida ataelewa kwamba yeye mwenyewe atatiwa jeni ya mtu mwingine. Ukweli ni kwamba jeni iliingizwa katika bakteria. Mgonjwa hupewa protini tu. Mtu aweza kukataa tiba kwa hofu isiyo na msingi, au kukubali huku akiamini jambo lisilokuwapo. Tunapendekeza "protini ya jeni unganishi" katika maelezo ya umma, na "rekombinanti" ibaki katika maandishi ya wataalamu.

4.0 Hitimisho

Kiingi alipoorodhesha vigezo vya istilahi bora aliutaja usahihi, na aliutaja pia uwazi. Mifano yetu yaonyesha kwamba uwazi waweza kuwa wa uongo: "pandikizi" ni neno wazi mno, lakini linafungua mlango usio wake. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, miaka minane kabla ya seli shina za binadamu kuoteshwa; haikuweza kutabiri haya. Kazi hiyo ni yetu sasa. Mwanaistilahi hana budi kuketi na tabibu, kisha istilahi ipimwe kwa kumwomba asiye mtaalamu aieleze kwa maneno yake mwenyewe, kabla haijachapwa katika karatasi ambayo mgonjwa ataitia sahihi.