Siku 30 si Mwezi Mmoja: Jua Mkopo Wako Unaisha Siku Gani

Tuseme ulikopa Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, na mkopo ni wa siku 30. Siku ya mwisho ya kulipa ni lini? Wengi wetu hujibu haraka: "Tarehe 12 Aprili, si ni mwezi mmoja?" Hapana. Machi ina siku 31, kwa hivyo siku 30 zinaisha tarehe 11 Aprili. Ukingoja hadi tarehe 12, umechelewa siku moja, na siku hiyo moja inatosha kukuletea faini.

Leo tunakuonyesha jinsi mfumo unavyopata siku ya wiki kutoka kwa tarehe. Ni hesabu ya kujumlisha na kugawanya tu, na unaweza kuifanya mwenyewe kabla ya kubonyeza "Kubali".

Hatua ya 1: Ondoa wiki nzima

Siku za wiki hujirudia kila baada ya siku 7. Kwa hivyo gawanya muda wa mkopo kwa 7, kisha uangalie baki tu. Siku 30 ni wiki 4, baki 2. Hesabu siku mbili mbele ya siku uliyokopa: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mkopo wa siku 14 au 21 hauna baki, basi unaisha siku ile ile ya wiki uliyokopa.

Hii ina faida gani? Kama soko lenu ni Jumamosi, mkopo wa siku 30 uliochukua Jumatano utadaiwa Ijumaa, kabla hujauza. Ukiuchukua Ijumaa, unaisha Jumapili, pesa ya soko ikiwa mkononi.

Hatua ya 2: Kutoka tarehe hadi siku

Je, kama una tarehe peke yake? Programu hupatia kila mwezi namba yake. Ziandike mahali:

Januari 2, Februari 5, Machi 4, Aprili 0, Mei 2, Juni 5, Julai 0, Agosti 3, Septemba 6, Oktoba 1, Novemba 4, Desemba 6.

Kisha jumlisha vitu vinne:
1. Tarakimu mbili za mwisho za mwaka.
2. Robo ya hizo tarakimu, ukiacha sehemu inayobaki.
3. Namba ya mwezi.
4. Tarehe yenyewe.

Gawanya jumla kwa 7 uangalie baki. Na hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu majina ya siku zetu yenyewe ni hesabu: baki 1 ni Jumamosi (mosi), 2 ni Jumapili, 3 Jumatatu, 4 Jumanne, 5 Jumatano. Baki 6 ni Alhamisi, na 0 ni Ijumaa.

Jaribu tarehe 11 Aprili 2025: 25 + 6 + 0 + 11 = 42. Ukigawanya kwa 7 hakuna baki. Ni Ijumaa, sawa na tulivyopata juu. Jaribu pia 27 Agosti 2010, siku Katiba ilipozinduliwa Uhuru Park: 10 + 2 + 3 + 27 = 42. Ijumaa tena.

Angalizo: kwa Januari na Februari, tumia mwaka uliotangulia, kwa sababu siku ya ziada ya mwaka mrefu huongezwa mwisho wa Februari. Kwa 2 Februari 2026, weka 25, si 26: 25 + 6 + 5 + 2 = 38, baki 3, Jumatatu. Kanuni hii inafaa miaka ya 2001 hadi 2099.

Hatua ya 3: Kwa wahazini wa chama

Kama unaweka rekodi kwenye Excel na tarehe ya mkopo iko A2, andika =A2+30 kupata siku ya mwisho. Kupata siku ya wiki, andika =WEEKDAY(A2,16). Hiyo 16 inaiambia Excel ianze kuhesabu Jumamosi kama 1, na Ijumaa inakuwa 7. Usiiache, kwa sababu bila hiyo 1 ni Jumapili. Hata lugha za programu hazikubaliani: kwa JavaScript, 0 ni Jumapili, kwa Python, 0 ni Jumatatu. Kabla ya kumtoza mwanachama faini, hakikisha namba yako inaanzia wapi.

Hatua ya 4: Chunga saa sita usiku

Ukilipa saa sita na nusu usiku wa Ijumaa, wewe utasema umelipa Ijumaa. Kwa mfumo, siku ilibadilika saa sita kamili, kwa hivyo hayo ni malipo ya Jumamosi. Kompyuta nyingi huweka saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Kenya kwa saa tatu, kwa hivyo programu lazima iongeze saa tatu kwanza ndipo itafute siku. Sisi tunahesabu kwa saa za Kenya. Ukiwa na shaka, angalia tarehe na saa kwenye ujumbe wa malipo yako.

Jambo la mwisho. Ukipata SMS inayosema "mkopo wako unaisha leo Jumanne, 11 Aprili 2025", sasa unajua siku na tarehe hazilingani. Usibonyeze linki yoyote, na usimpe mtu PIN yako. Fungua menyu yako mwenyewe uangalie deni lako huko.