Mafuriko na Reli: Hatari Isiyoonekana Juu ya Maji

Usiku mmoja wa Januari 1993, treni ya abiria iliyotoka Nairobi kwenda Mombasa ilifika kwenye Mto Ngai Ndethya, Ukambani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, mto ukafurika na kubomoa daraja. Treni ilitumbukia mtoni gizani, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Kwa Kikamba, jina la mto huo lina maana ya "Mungu nisaidie".

Msimu wa mvua unapokaribia, ni vyema kila mwananchi aelewe jinsi mto unavyoweza kuharibu reli.

Maji huharibu reli vipi?

Wengi hudhani kwamba mafuriko huvunja chuma. Mara nyingi maji huanza kwa kuondoa kile kinachobeba chuma hicho.

Kwanza, maji ya kasi huzunguka nguzo za daraja na kuchimba udongo chini yake. Daraja linaweza kuonekana zima ilhali msingi umebaki wazi.

Pili, tuta la reli likilowa sana hulegea na kuporomoka. Maji yakipita juu yake, huzoa kokoto na udongo. Reli na mataruma hubaki vikining'inia hewani, na kwa mbali huwezi kujua.

Tatu, kalvati iliyozibwa na magogo, matope na takataka hugeuza tuta kuwa bwawa. Tulishuhudia haya karibu na Mai Mahiu, Aprili 2024. Maji yaliyozuiliwa chini ya reli ya zamani yalipasua njia usiku na kusomba vijiji vilivyokuwa chini. Makumi ya watu walipoteza maisha.

Kwa nini dereva asisimame tu?

Magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi, na treni ni nzito. Ikiwa katika mwendo wa kasi, huhitaji mamia ya mita, au hata zaidi ya kilomita moja, ili kusimama. Usiku, taa haimulikii umbali huo. Dereva akiona pengo, amechelewa. Kinachookoa maisha ni habari kumfikia mapema.

Mwananchi afanye nini?

• Usitupe taka kwenye mitaro na kalvati. Ukiona imeziba, mjulishe chifu au msimamizi wa wadi kabla mvua haijaanza.

• Usichote mchanga karibu na daraja. Mchanga huo ndio unaofunika msingi wa nguzo.

• Acha miti na nyasi kwenye kingo za mito. Mizizi hushika udongo.

• Ukiona tuta limebomoka, kokoto zimezolewa au reli imepinda, toa taarifa mara moja katika stesheni au kituo cha polisi kilicho karibu. Taja jina la mto, kijiji au stesheni iliyo jirani. Usingoje kupambazuke.

• Usivuke mto uliofurika kwa kutembea juu ya daraja la reli.

Nawe abiria, ukiambiwa safari imeahirishwa ili njia ikaguliwe, subiri. Ni kweli utachelewa kazini au matangani. Lakini daraja haliwezi kupimwa kwa macho kutoka dirishani, na maji yakishapungua juu, shimo lililochimbwa chini ya nguzo linaweza kuwa bado lipo.