Presha ya mama na kundi la WhatsApp

Swali: Mama yetu, miaka 74, ana presha na anaishi Lushoto na mjukuu wake. Sisi watoto tuko Dar es Salaam na Muscat. Simu janja inaweza kutusaidia kumwangalia?

Jibu: Inaweza, lakini anzeni na kipimo chenyewe. Mnunulieni mashine ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Mama akae kimya dakika 5, ameegemea kiti, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Apimwe mara 2, kwa nafasi ya dakika 1. Mjukuu apige picha ya kioo cha mashine na kuituma. Picha naipenda kuliko namba za kuandika, maana 153 hugeuka 135 na hakuna anayegundua.

Fungueni kundi la matibabu peke yake, mama mwenyewe akiridhia. Humo msiruhusu ujumbe wa kusambazwa unaosifu mitishamba. Ndio huwafanya wazee waache vidonge. Mchagueni ndugu mmoja wa kuzungumza na daktari, na dozi isiguswe bila daktari. Kwa simu ya video, mwombeni awaonyeshe pakiti ya dawa: vidonge vilivyobaki vitawaeleza kama anameza.

Presha ikisoma 180/120 au zaidi, apumzike kidogo apimwe tena. Isiposhuka, mpigieni daktari siku hiyohiyo. Akibanwa kifua, akipinda mdomo au mkono ukilegea, mjukuu amkimbize hospitali bila kupima wala kungoja jibu la kundi.