Ziara ya Bustani Inayomfaa Mwenye Kitalu: Mbinu kwa Watu wa Gihundwe na Jirani Zao

Anayeuza miche Gihundwe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, anaishi katikati ya darasa kubwa. Ziwa Kivu, lililo chini ya vilima vyake, liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kusini unafika uwanda wa Bugarama, penye joto na mashamba ya mpunga, kwenye mita 1,000 hivi. Ukipanda mashariki kwa barabara ya Huye, unapita mashamba ya chai ya Gisakura, unaingia Nyungwe, na penye Uwinka umevuka mita 2,400. Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Ni maeneo machache Afrika Mashariki ambako fundi wa mimea anaweza kuona tofauti zote hizo bila kuvuka mpaka.

Hata hivyo, kuona peke yake hakumfaidii mfanyabiashara wa miche. Wengi hutembelea bustani, wakapiga picha za maua na kurudi na kitalu kilekile. Ziara huzaa matunda pale ambapo mjuzi anaeleza kwa nini mmea huu unaishi hapa na ungekufa pale, na wasikilizaji wakarudi na jambo la kujaribu. Zifuatazo ni mbinu za kuipanga ziara ya namna hiyo.

Anzeni na swali

Kabla ya kuchagua bustani, kaeni kikundi kizima mkubaliane juu ya tatizo moja linalowauma. Je, miche ya parachichi iliyobebeshwa inakauka kwenye kiungo? Mbegu za miti ya asili hazioti? Miche inanyauka ikifika kwa mteja? Swali moja lililo wazi ndilo litakalowaonyesha mahali pa kwenda na mtu wa kuwaongoza. Kikundi kisicho na swali huonyeshwa kila kitu, kikakumbuka vichache.

Tafuteni mtaalamu aliyekwisha kuotesha

Mwongozaji wa watalii anajua majina ya mimea. Ninyi mnamhitaji mtu anayejua pia jinsi inavyokufa. Mfano bora umetoka wilayani Rusizi kwenyewe. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea Mjerumani, Eberhard Fischer, alikuta kwenye chemchemi ya maji moto ya Mashyuza yungiyungi dogo kuliko yote yanayojulikana duniani, Nymphaea thermarum, ambalo jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Kufikia 2008 maji ya chemchemi yalikuwa yameelekezwa kwingine, na mmea ukatoweka pale. Uliobaki ulikuwa umehifadhiwa katika bustani ya mimea ya Bonn.

Bustani ya Kew, Uingereza, ilipopewa mbegu na miche michanga, kila jaribio la kuikuza chini ya maji kama mayungiyungi mengine lilishindwa. Mtunza bustani Carlos Magdalena akarudi kwenye maelezo ya makazi yake ya asili: mmea huu ulikuwa ukiota kwenye tope lenye unyevu kando ya chemchemi, mahali ambapo maji yameshapoa hadi nyuzi 25 hivi, wala haukuwa ndani ya kina cha maji. Akaiweka miche kwenye vyungu ambavyo maji yake yalilingana na uso wa udongo, ili majani yapate hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka angani. Ikastawi, na mwaka 2009 ikatoa maua. Mwaka 2023 watafiti waliukuta tena mmea huo nchini Rwanda.

Huyo ndiye mtaalamu wa kumtafuta: mtu anayeuliza mmea umetoka wapi kabla ya kusema unahitaji nini. Mnaweza kumpata kwenye taasisi ya utafiti, katika chuo cha kilimo, au kwenye kitalu cha mtu aliyeotesha miti kwa miaka mingi. Kwa kikundi chenye watu wa Kamembe na wa Bukavu pamoja, Kiswahili kinawaunganisha. Hakikisheni mwongozaji anakimudu, au mpateni mkalimani anayeijua kazi ya kitalu. Mkubaliane malipo mapema, na mumpelekee swali lenu wiki moja kabla ili aandae mimea ya kuwaonyesha.

Chagueni njia kulingana na swali

Tatizo likiwa joto na maji, shukeni Bugarama. Likiwa miti ya asili, pandeni Nyungwe. Kule mimea ni zaidi ya spishi 1,000, na tangu 2023 msitu huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe umwumba, yaani Prunus africana. Mbegu zake hupoteza uhai upesi zikikauka, kwa hiyo anayezinunua sokoni bila kujua zilichumwa lini anaweza kupoteza msimu mzima.

Kwa biashara ya miche ya miti, nendeni hadi Ruhande, Huye. Shamba la miti la pale lilianzishwa 1934, nalo lina spishi zaidi ya 200 zilizopandwa kwa vipande, kila aina mahali pake. Mtaona mti uliokomaa mnaouza ukiwa mche wa sentimita 30, na mtaweza kumwambia mteja kwa yakini utafika ukubwa gani. Vikundi vyenye uwezo wa safari ndefu vina bustani za Entebbe, zilizoanzishwa 1898, na Amani katika Usambara, ambako Wajerumani walianza majaribio yao 1902.

Idadi na majira

Watu kumi hadi kumi na wawili kwa mtaalamu mmoja wanatosha. Wakizidi hapo, walio nyuma hawasikii na hawaulizi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kipimo cha umwagiliaji, kivuli na matandazo. Mwanzoni mwa mvua za Septemba ni wakati mzuri wa kujifunza namna ya kuondoa maji yanayotuama. Anzeni asubuhi mapema, kabla jua halijawachosha watu na mimea.

Msibebe ugonjwa

Hili ni la lazima. Mnyauko wa bakteria wa migomba, ambao wakulima wa Rwanda huuita kirabiranya, husafiri kwenye panga na mkasi. Ukungu unaoozesha mizizi ya parachichi husafiri kwenye udongo ulioganda viatuni. Sugueni soli na mzioshe kwa maji yenye jiki kabla ya kuingia bustani na baada ya kutoka. Acheni mikasi nyumbani. Vilevile msichukue kipandikizi wala mbegu bila ruhusa. Januari 2014 mtu aliiba mmea mmoja wa lile yungiyungi la Mashyuza huko Kew. Vitendo kama hivyo huwafanya wenye bustani wafunge milango kwa wote. Ndani ya Nyungwe kuchuma mimea hakuruhusiwi. Na mche wowote unaovuka mpaka kwenye mto Rusizi uwe na cheti cha afya ya mimea.

Ulizeni hivi

Kuuliza si ujinga, ila maswali yaliyopangwa huokoa muda. Kwa kila mmea unaowahusu, pateni majibu ya haya: Mnauzalisha kwa mbegu, kipandikizi au kubebesha? Mchanganyiko wa udongo ni upi, na kwa vipimo gani? Mnamwagilia saa ngapi, na mnajuaje kwamba maji yanatosha? Mche unakaa kitaluni miezi mingapi? Ni kitu gani kiliwafanya mpoteze miche mingi? Swali hili la mwisho msilisahau, maana jibu lake haliandikwi kwenye kibao cha bustani. Mmoja aandike, mwingine apige picha za jani, shina na udongo, na jina la kisayansi liandikwe kila mara, kwa sababu jina la kijijini linaweza kubeba mimea miwili tofauti.

Geuzeni ziara kuwa jaribio

Ndani ya wiki moja kutaneni. Kila mwenye kitalu achague badiliko moja, kama vile udongo mpya, kivuli kizito au saa tofauti za kumwagilia, alijaribu kwenye viriba 50 na kuacha viriba vingine 50 vya kawaida kando yake. Ahesabu miche iliyoota na iliyokufa kila wiki, kwa kalamu na daftari. Baada ya miezi mitatu linganisheni hesabu zenu, na mpelekeeni mtaalamu nakala. Atajua mlimsikiliza kwa makini, na mkimwita tena atakuja na jibu la hatua inayofuata.