Mgonjwa wa Kiharusi na Ushauri

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa wa damu huziba au hupasuka ndani ya kichwa. Sehemu ya ubongo ikikosa damu, hufa. Upande wa kushoto wa ubongo ukiumia, mkono na mguu wa kulia hupooza. Mara nyingi na maneno hupotea. Chanzo kikubwa ni presha, si upepo mbaya wala kurogwa.

Fikiri juu ya mkulima aliyezoea kulisha watu wanane. Sasa analishwa uji kwa kijiko. Anaogeshwa na wanawe. Anaona haya, anakataa mazoezi. Nyumbani wanasema, "Amekuwa mkaidi." Sivyo. Katika kila wagonjwa watatu wa kiharusi, karibu mmoja hupatwa na huzuni nzito. Asipofanya mazoezi, viungo hukakamaa.

Kwa hiyo mgonjwa anahitaji ushauri. Kushauri si kumwambia, "Jikaze." Ni kumsikiliza kwanza, kisha kumweleza. Mhudumu wa afya humweleza haya:

1. Ubongo unaweza kujifunza upya kwa kurudia mazoezi kila siku. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unajua: herufi hurudiwa mpaka ikaingia.

2. Dawa za presha haziachwi kwa sababu mtu amepata nafuu. Akiziacha, kiharusi kinaweza kurudi.

3. Huzuni ina tiba. Aiseme bila aibu.

Wewe nawe una kazi nyumbani. Kaa mbele yake mkitazamana. Sema maneno machache. Uliza swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Ngoja jibu, usimmalizie maneno. Usimzungumze kana kwamba hayupo, kwani mara nyingi anaelewa kuliko anavyoweza kusema. Mpe kazi anayoiweza, kama kuchambua maharage kwa mkono mzima. Mwulize shauri la shamba lake. Bado ni baba wa nyumba.

Akikataa chakula, au akisema heri afe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali

1. Kiharusi huletwa na nini?
2. Kwa nini mgonjwa huyu hakuitwa mkaidi katika somo hili?
3. Kwa nini dawa za presha haziachwi?
4. Zungumzeni darasani: Je, kijijini kwenu yuko mgonjwa wa kiharusi? Nani humtembelea, na huzungumza naye nini?